Jeli, Taa Nyekundu na Saratani ya Ngozi

Si rahisi kupitisha dawa kwenye ngozi. Tabaka lake la juu, lenye seli zilizokufa zilizogandamana kwa mafuta, lina unene wa mikromita 10 hadi 20 tu sehemu nyingi za mwili, lakini linazuia karibu kila kitu. Mwaka 2000 Bos na Meinardi waliandika kanuni inayotajwa na wafamasia hadi leo: molekuli yenye uzito unaozidi daltoni 500 hupenya kwa shida. Nayo saratani huanzia chini ya tabaka hilo.

Chembechembe za nano, yaani ndogo mno, zimeletwa ili kuvuka kizuizi hicho. Mfano ninaouamini, kwa sababu tayari uko kliniki, ni jeli ya Kijerumani iitwayo Ameluz, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2011 na Marekani mwaka 2016. Dawa yake, asidi ya aminolevulini, ni molekuli ndogo, ila inapenda maji na kukwamishwa na mafuta ya ngozi. Kwa hiyo imechanganywa na vitone vidogo mno vya mafuta vilivyozungushiwa lesithini ya soya, ili iingie zaidi.

Daktari hukwangua magamba, hupaka jeli, hufunika kwa saa 3, kisha huwasha taa nyekundu. Ndani ya seli dawa imekwisha kugeuka protoporfirini, na seli zilizoharibika hulimbikiza nyingi kuliko zenye afya. Mwanga ukizipata, hutokea oksijeni yenye sumu inayoziua. Mgonjwa huhisi ngozi ikiungua, wakati mwingine vikali.

Tusidanganyike na jina la nano. Chembechembe nyingi za nano huishia juu ya ngozi au kwenye vishimo vya vinyweleo, na dawa ndiyo inayoendelea na safari. Mwanga nao hufika milimita chache tu. Saratani iliyochimba ndani bado inahitaji upasuaji au mionzi.

Nguvu ya tiba hii ni kwenye madoa ya jua yanayokwaruza kama msasa, ambayo baadhi yake hugeuka saratani. Watu wenye ualbino wa Tanzania wanayajua mno. Ndiyo maana Kilisun, mafuta ya kukinga ngozi na jua, hutengenezwa Moshi kwa ajili yao. Jeli ya bei kubwa haitachukua nafasi ya mafuta hayo, kofia pana na mikono mirefu. Kama nyumbani kwenu kuna mwenye ualbino, kagueni uso, masikio, shingo na mikono yake kila mwezi, na kidonda kisichopona kwa wiki 4 kipelekeni hospitali.