Kizimkazi: kabla hujaruka majini na pomboo

Wadau, wengi wetu Kizimkazi tunaijua kwa pomboo tu. Kumbe pale Dimbani kuna msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107! Jengo limejengwa upya karne ya 18, ila hayo maandishi ya kwenye kibla ni ya zamani hasa.

Haya, pomboo. Zamani wavuvi walikuwa wanawaua, nyama inakuwa chambo cha papa. Miaka ya 1990 watalii wakaanza kumiminika, wanakijiji wakaona pomboo hai analipa kuliko chambo. Mwaka 1997 ghuba ikawa Hifadhi ya Menai.

Tatizo likahamia kwenye boti. Pomboo anahitaji kupumzika na kunyonyesha, boti zikimzonga anaacha, anakimbia. Watafiti waliowafuatilia pale waliona hivyo hivyo, boti zikiwepo mapumziko yanapungua. Nahodha naye utamlaumu vipi, mgeni kalipa na anataka kuogelea nao sasa hivi. Kwa hiyo ukienda, mwambie mapema, mkiwa bado pwani: asiwakate njia, apunguze mwendo, na wakizama wakaondoka basi, msiwafukuze.