Kuosha Njia za Maji katika Pikapu Kuukuu

Pikapu ya Land Rover ya Series III, ile ndefu yenye inchi 109 kati ya ekseli zake, iliyoundwa Solihull, Uingereza, tangu mwaka 1971 hadi 1985, na ambayo mpaka leo huonekana ikibeba mkaa, nazi na saruji katika njia ambazo magari mapya huziogopa, huchukua katika rejeta na injini yake maji yapatayo lita 8, yaani pungufu ya nusu debe. Kwa maji hayo machache injini ya petroli yenye silinda 4 na ukubwa wa sentimita za ujazo 2,286 hukingwa na moto ambao ndani ya silinda hupindukia nyuzi 2,000. Maana katika joto lote litokalo katika petroli, kadiri ya robo tu hugeuka kuwa nguvu ya kuendesha gari, na katika linalosalia fungu kubwa hutoka na moshi, na fungu kubwa jingine sharti lichukuliwe na maji na kupelekwa mbele ya feni. Mwenye gari ambaye kwa miaka mingi hakuyatazama maji hayo, ila kuyaongeza yalipopungua, hana haki ya kustaajabu gari linapochemka mlimani.

Maradhi ya njia za maji ni mawili, na kila moja lina asili yake. La kwanza ni kutu. Bloki ya injini hii na hedi yake ni chuma cha kusubu, na chuma kilicholowa maji matupu yenye hewa hugeuka unga mwekundu, ambao huchukuliwa na mkondo hadi pale mkondo unapolegea, ukatua huko na kuwa matope. La pili ni chokaa. Maji ya visima vya pwani, yaliyopita katika mawe ya matumbawe, na ya visima vingi vya bara kadhalika, hubeba chokaa iliyoyeyuka isiyoonekana kwa macho. Yakipata moto chokaa hiyo hujitenga na kuganda penye joto kali, kama inavyoganda ndani ya birika la chai, isipokuwa hapa penye joto kali ni ukuta wa silinda na hedi, mahali pale pale ambapo tulitaka maji yaguse chuma bila kizuizi. Gamba hilo halifikii hata sehemu moja ya kumi ya uwezo wa chuma wa kupitisha joto.

Hesabu yake ni sahali. Chukua kwamba lita moja ya maji ya kisima ina gramu 0.3 za chokaa, kiasi kisicho cha ajabu katika maji magumu. Rejeta ikijazwa mara moja na kufungwa, lita zote 8 zitaleta gramu 2 na nusu hivi, na baada ya hapo hakuna ziada. Walakini gari linalovuja kwa mvuke, ambalo dereva wake hulitia lita moja kila asubuhi, litapokea kwa mwaka mmoja zaidi ya gramu 100. Kwa hiyo lile dumu la maji lililofungwa nyuma ya kiti, ambalo madereva wengi huliona dalili ya uangalifu, ndilo linalopeleka chokaa ndani siku baada ya siku.

Kabla ya kuosha chochote, tazama. Kifuniko cha rejeta kifunguliwe injini ikiwa imelala usiku kucha, kwa kitambaa na bila haraka, kisha tia kidole ndani ya shingo ya rejeta na upanguse upande wa chini. Maji ya hudhurungi na unga laini ni kutu. Maganda meupe yanayokwaruza ni chokaa. Ukiona mafuta yanaelea, au utando mzito wa rangi ya maziwa, au injini ikiwashwa mapovu yakawa yanapanda mfululizo hata kabla ya maji kupata moto, basi yamkini gasketi ya hedi imepasuka, na hakuna maosho yatakayoitibu: kaitengeneze kwanza, kwani kuosha injini ya namna hiyo ni kutupa fedha.

Maji ya zamani hutolewa kwa koki mbili, na hapa ndipo kazi nyingi za mitaani huharibika. Koki ya chini ya rejeta hujulikana na wote. Ya pili iko ubavuni mwa bloki, imefunikwa na mafuta na vumbi, nayo aghalabu huachwa kwa kuwa haionekani, ilhali matope yote ya injini yamelala nyuma yake, chini kabisa ya nafasi za maji zinazozunguka silinda. Fundi akiifungua mara nyingi hapati hata tone. Hiyo si dalili kwamba bloki ni tupu. Ni dalili kwamba tundu limezibwa. Ifungue koki yote uitoe, kisha chokonoa kwa waya mgumu uliopindwa ncha kidogo, kwanza taratibu, kisha kwa kuzungusha: hutoka donge jeusi, halafu uji mzito wa rangi ya matofali, na mwisho maji huruka kwa nguvu hadi kwenye gurudumu. Asiyefika hapo hajaosha injini. Amebadilisha maji ya juu tu.

Baada ya hayo toa thamostati, fungua mpira wa juu na wa chini, na uoshe rejeta peke yake na injini peke yake, ili uchafu wa mojawapo usihamie kwa mwenzake. Kwa desturi maji huingia rejeta juu na kutoka chini. Wewe yapitishe kinyume, kutoka chini kwenda juu, maana takataka iliyosukumwa katika vijia kwa miaka mingi hutoka upesi zaidi kwa njia iliyoingilia. Injini nayo itiwe maji juu, penye nyumba ya thamostati, yatokee chini penye pampu na penye koki iliyo wazi. Mkondo uwe wa wastani, kwani mishono ya rejeta ya kale ni ya lehemu na haipendi kulazimishwa. Na injini iwe baridi: maji baridi yakikutana na chuma cha kusubu chenye moto, chuma huweza kupasuka, na bloki iliyopasuka ni msiba mkubwa kuliko kutu yote uliyokusudia kuiondoa.

Maji peke yake huondoa matope, hayaondoi gamba. Kwa gamba dawa niipendayo ni ndimu ya unga, ile ile inayouzwa madukani kwa mapishi, nusu kilo kwa mfumo huu wa lita 8, iyeyushwe kwanza katika maji ya moto ndani ya ndoo ya plastiki. Kama kulikuwa na mabaki ya mafuta, tangulia na maji ya sabuni isiyotoa povu jingi, kwa sababu asidi ya ndimu haipenyi penye mafuta. Rudisha mipira, tia dawa, funga kifuniko, washa injini na uiache iunguruke kwa nusu saa baada ya kupata joto. Thamostati ikiwa imetolewa joto huchelewa, basi kinga sehemu ya rejeta kwa gunia mpaka mshale wa joto upande. Zima, subiri ipoe, mwaga kwa koki zote mbili. Suuza mpaka maji yawe safi, kisha pitisha maji yenye vijiko vichache vya magadi ya kupikia kwa dakika 10 ili kuua asidi iliyobaki. Yakitoa povu ujue asidi bado ipo, nawe usuuze na kurudia. Kwa gari lililopuuzwa sana ni afadhali kuosha mara mbili au tatu kwa dawa hii pole kuliko mara moja kwa dawa kali. Wapo wanaotia maji ya asidi ya betri, na wapo wanaotia magadi makali ya kutengenezea sabuni. Ya kwanza hula chuma, ya pili hula aluminiamu, nami siwezi kuisifu hata moja. Wenye injini ambazo hedi zake ni za aluminiamu, kama Peugeot 504, wapunguze ndimu na wafupishe muda.

Tegemea kuvuja. Vile visahani vya bati vilivyopigiliwa ubavuni mwa bloki aghalabu vimeliwa mpaka vikabaki vyembamba kama karatasi, na kilichozuia maji ni kutu yenyewe, ambayo wewe umeiondoa. Mwenye gari atasema fundi ameniharibia. Fundi amwonyeshe kisahani. Ni heri kivuje uani kuliko kivuje porini, na bei yake ni ndogo. Usikubali kutia ute wa yai wala bizari kuziba matundu hayo, maana hivyo haviwezi kupambanua tundu la kuvujia na kijia cha rejeta.

Kuijua rejeta iliyobaki na vizibo hakuhitaji chombo. Ipashe injini moto, izime, kisha pitisha kiganja polepole juu ya uso wa rejeta: penye ubaridi uliojitenga katikati ya joto vijia vimefungana. Ikiwa ni ya shaba, kama hizi za kale, mpelekee fundi rejeta. Atafumua tangi la juu kwa moto, atapitisha upanga mwembamba wa chuma katika kila kijia, na kulilehemu upya. Rejeta za siku hizi, zenye matangi ya plastiki, hazikubali ustadi huo.

Kuhusu thamostati nina neno, kwa kuwa tabia ya kuitupa imeenea mno. Gari likichemka huchomolewa, dereva akaona mshale umeshuka, akadhani amepona. Kumbe injini sasa hufanya kazi ikiwa baridi, petroli huosha mafuta katika kuta za silinda, ulaji wa petroli huongezeka, na ugonjwa wa asili umefichwa tu. Ipime: itumbukize katika sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, ya injini hizi ifunguke karibu na nyuzi 82. Isiyofunguka ibadilishwe, na nafasi yake isiachwe tupu.

Maji mapya yawe ya mvua yaliyokingwa baada ya paa kuoshwa na manyunyu ya kwanza, au yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake, ambayo huuzwa kwa ajili ya kuongezea betri; lakini soma chupa, maana duka lile lile huuza na asidi. Changanya nusu kwa nusu na kulanti. Huku kwetu hatuna barafu ya kuiogopa. Tunataka dawa ya kuzuia kutu iliyomo, nayo huchoka, kwa hiyo kulanti ya kijani ya namna ya kale imwagwe kila baada ya miaka 2. Jaza polepole, koki ya hita ikiwa wazi na pua ya gari ikielekea mlimani, ili hewa ipate kutoka. Kifuniko kiwe kizima chenye mkazo wa paundi 9 kwa inchi ya mraba: chini ya kifuniko hicho maji ya pwani hayachemki mpaka karibu na nyuzi 114, ilhali Nairobi, bila kifuniko, huchemka kwenye nyuzi 95 hivi.

Kulanti iliyomwagwa ni sumu, na ladha yake ni tamu. Mbwa, paka na watoto huinywa kwa hiari, na kiasi kidogo huharibu figo na kuua. Usiimwage karibu na kisima wala uiache katika beseni uani, na wala usiihifadhi katika chupa ya soda. Itie katika dumu lenye kifuniko, liandike kwa herufi kubwa, na uliweke mahali ambapo mtoto hafiki.