Nasaba ya Hamfast Gamgee: Jina kama Kumbukumbu ya Ukoo

Katika The Lord of the Rings (1954–1955), Hamfast Gamgee, babaye Samwise, ni mhusika mdogo: mzee mtunza bustani. Hata hivyo, J.R.R. Tolkien amempangia nasaba katika Kiambatisho C. Nasaba hiyo haina vita wala wafalme. Historia yake imo katika sauti za jina.

Mhenga wa kwanza atambulishwa kwa kijiji tu: Hamfast wa Gamwich. Mwanawe, Wiseman, alihamia Tighfield, na Gamwich likawa jina la ukoo. Kwa mjukuu, Hob msokota kamba, limekuwa Gammidge: /w/ imedondoka na konsonanti ya mwisho imepata ughuna. Lakabu ya Hob, Gammidgy, yaonyesha njia ya kufikia Gamgee, jina la kitukuu Hobson na kilembwe Hamfast. Kijiji hakisikiki tena.

Naye Frodo, mwana wa Samwise, aitwa Gardner, yaani mtunza bustani. Kazi imechukua nafasi ya mahali. Yadhihirika kwamba ukoo huhifadhi asili yake katika matamshi. Jina likibadilishwa, uzi huo hukatika.