Fahamu: Tetemeko likipita, hatari huhamia wapi?

Usiku wa Agosti 12, 2020, tetemeko la ukubwa wa takribani 5.9 lilitokea chini ya Bahari ya Hindi, kusini-mashariki mwa Dar es Salaam. Maghorofa ya katikati ya jiji yalitikisika, watu wakakimbilia nje. Je, likishapita, hatari imekwisha?

Hapana. Miamba inapoteleza kwenye ufa wa ardhi, nguvu iliyojibana pale hupungua, lakini sehemu yake huhamia kwenye nyufa jirani. Ufa mmoja huongezewa mzigo, mwingine hupunguziwa, kutegemea ulivyolala. Uliokuwa karibu kuachia huweza kuwahishwa. Uturuki, Februari 6, 2023, tetemeko la 7.8 lilifuatiwa baada ya takribani saa 9 na la 7.5, kwenye ufa mwingine. Mara nyingine miaka hupita bila lolote. Hakuna mwanasayansi awezaye kutaja siku. Ujumbe wa WhatsApp unaotaja hadi saa ni uongo, usiusambaze.

Kwa Kariakoo, eneo la biashara jijini Dar es Salaam, ninachohofia zaidi ni majengo. Pale maghorofa yamebanana, na vichochoro vya kukimbilia vimejaa meza za biashara. Novemba 16, 2024, ghorofa liliporomoka bila tetemeko lolote, likaua watu zaidi ya 20. Mtikisiko wa pili, hata mdogo, huweza kukuta nguzo zilizokwisha kudhoofishwa na wa kwanza.

Mwenye duka, ukiona mpasuko wa mshazari kwenye nguzo baada ya mtikisiko, usiufunike kwa plasta. Toa watu nje, kisha mwite mhandisi.