Bei ya Maji ya Chemchemi

Mwaka 1838 Mfaransa Antoine Augustin Cournot alieleza habari za mtu amilikiye peke yake chemchemi ya maji ya dawa, naye hagharimii kitu kuyateka. Atoze bei gani? Ikiwa kila faranga aongezayo humpunguzia chupa moja katika 100 ambazo zingechukuliwa bure, basi kwa bei b huuza chupa 100 − b, na pato lake ni 100b − b². Kadiri ya badiliko la pato, ambayo wanahesabu huiita derivativi, ni 100 − 2b. Nayo huwa sifuri bei ifikapo 50. Akipandisha hadi 51 hupata 2,499 badala ya 2,500. Chupa nyingine hamsini hazinywewi na mgonjwa yeyote, na hesabu hii haiwataji wagonjwa hao. Chupa ikigharimu faranga 20, bei bora huwa 60, wala si 70: nusu ya gharama humwangukia mwenye chemchemi mwenyewe.