Uskoti: Nchi Iliyojadiliwa Vitabuni na Jukwaani

Kituo kikuu cha treni cha Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, kinaitwa kwa jina la riwaya. Waverley ni kitabu alichokitoa Walter Scott mwaka 1814, na ukitoka kituoni ukapanda hadi Princes Street utaukuta mnara wa mawe wenye zaidi ya mita 60, uliojengwa kumkumbuka mwandishi huyohuyo. Kwingine Ulaya nafasi kama hiyo hupewa majemadari na wafalme. Hapa amepewa mtunga hadithi, na sababu yake imo katika historia ya nchi.

Mwaka 1707 Bunge la Uskoti lilikubali kuungana na lile la Uingereza, na kwa kukubali huko likajifuta. Mamlaka yakahamia London. Waskoti walibaki na kanisa lao, sheria zao na mfumo wao wa elimu, lakini walikosa mahali pa kukutana na kubishana kuhusu mambo yao kama taifa. Kwa karibu miaka 300 kazi hiyo iliwaangukia washairi na waandishi wa riwaya, na baadaye watu wa tamthilia.

Anayependwa kuliko wote ni Robert Burns, mtoto wa mkulima maskini, aliyezaliwa Alloway tarehe 25 Januari 1759. Mashairi yake mengi aliyatunga kwa Kiskoti, lugha ya mashamba na vilabu vya pombe, wakati ambapo wasomi wengi wa Edinburgh walikuwa wakijitahidi kuifuta vinywani mwao wasije wakachekwa London. Alifariki akiwa na miaka 37 tu. Mwaka 1801 marafiki zake walifanya karamu ya kumkumbuka, na desturi hiyo haijakatika. Kila mwaka siku ya kuzaliwa kwake, haggis, yaani tumbo la kondoo lililojazwa moyo, maini, mapafu na nafaka, huletwa mezani kwa zumari, shairi alilokitungia chakula hicho husomwa kwa sauti, kisha watu hula. Karamu hizi hufanywa vijijini, vyuoni na popote Waskoti walipohamia. Sijui taifa jingine linalomwadhimisha mshairi wake kwa chakula na kwa shangwe kiasi hicho.

Scott aliipa nchi yake sura nzuri ya kuonyesha wageni. Mfalme George wa Nne alipozuru Edinburgh mwaka 1822, ni Scott aliyepanga sherehe, akawavika wakuu vitambaa vya miraba miraba vya watu wa milimani. Lakini katika miaka hiyohiyo watu wa milimani wenyewe walikuwa wakifukuzwa kwenye ardhi ya mababu, nyumba zao zikichomwa moto, ili wenye mashamba wafuge kondoo. Wengi waliishia Kanada au katika viwanda vya Glasgow. Mavazi yao yalipata heshima ambayo wao hawakuipata.

Jukwaa lilichelewa kusema hayo. Baada ya Mageuzi ya Kiprotestanti ya mwaka 1560, Kanisa la Uskoti liliuona mchezo wa kuigiza kuwa mlango wa uovu. Mchungaji John Home alipoandika tamthilia ya Douglas, iliyoonyeshwa Edinburgh mwaka 1756, wakubwa wa kanisa walimwandama hadi akajiuzulu uchungaji.

Kwangu mimi, mwaka mkubwa wa tamthilia ya Uskoti ni 1973. Mwaka huo kikundi cha 7:84, kilichojiita hivyo kwa kuwa asilimia 7 ya watu walimiliki asilimia 84 ya mali ya nchi, kilianza kuzunguka na The Cheviot, the Stag and the Black, Black Oil, tamthilia ya John McGrath. Kondoo, kulungu na mafuta: mara ya kwanza watu walifukuzwa kwa ajili ya kondoo, kisha ardhi ikageuzwa viwanja vya matajiri kuwinda kulungu, na sasa mafuta ya Bahari ya Kaskazini yalikuwa yakichukuliwa na makampuni makubwa. Waigizaji walisafiri kwa gari dogo wakiwa wamebeba mandhari ya jukwaa iliyotengenezwa kama kitabu kikubwa cha picha. Waliigiza katika kumbi za vijiji mbele ya wajukuu wa waliofukuzwa, wakaimba kwa Kigaeli, lugha ya watu wa milimani, na mchezo ulipokwisha viti vilisogezwa kando watu wakacheza dansi. Watazamaji walikuwa wanaijua habari ile kwa kusimuliwa nyumbani, na sasa walikuwa wakiiona hadharani, kwa lugha yao.

Mwaka 1979 Waskoti walipiga kura kuhusu kuwa na baraza lao. Waliokubali walikuwa wengi, lakini hawakufika asilimia 40 ya wapiga kura wote walioandikishwa, sharti lililowekwa London, na jambo likafa. Siasa ilipokwama, fasihi ilichangamka. Alasdair Gray alitoa Lanark mwaka 1981, riwaya iliyoifanya Glasgow, mji wa viwanda na moshi, istahili kuwaziwa kama Paris. James Kelman alishinda tuzo ya Booker mwaka 1994 kwa riwaya iliyoandikwa kwa usemi wa mitaa ya Glasgow, na jaji mmoja aliupinga uamuzi huo hadharani.

Bunge lilirudi mwaka 1999, na siku ya ufunguzi uliimbwa wimbo wa Burns kuhusu usawa wa binadamu. Wengine walidhani waandishi sasa wangepumzika. Hawakupumzika. Mwaka 2006 ulianza Ukumbi wa Taifa wa Uskoti, ambao hauna ukumbi: huonyesha kazi zake katika baa, misitu, vivuko na majengo ya zamani ya jeshi. Naona hapo mkono wa 7:84. Mojawapo ya kazi zake za mwanzo, Black Watch ya Gregory Burke, ilitokana na mazungumzo na askari waliorudi kutoka Iraq. Mwaka 2014, kura ya uhuru ilipopigwa, waandishi wengi mashuhuri waliunga mkono kujitenga, J. K. Rowling akapinga, na asilimia 55 ya waliopiga kura wakachagua kubaki.

Sisi wa Tanzania tunazo nyuzi mbili za kutuunganisha na nchi hiyo. Julius Nyerere alisoma Chuo Kikuu cha Edinburgh, na mwaka 1968 S. S. Mushi aliitafsiri kwa Kiswahili Macbeth ya Shakespeare, habari za mfalme wa Uskoti. Waskoti hawajaridhika na picha ya mfalme huyo iliyochorwa na Mwingereza. David Greig aliandika Dunsinane, tamthilia inayoanzia pale Shakespeare alipoachia, askari wa Uingereza wakiwa wameingia nchi wasiyoielewa.

Mwaka 2016 cheo cha mshairi wa taifa alipewa Jackie Kay, aliyezaliwa Edinburgh na mama Mskoti na baba Mnigeria, akalelewa Glasgow na wazazi weupe. Miaka mitatu baadaye Ukumbi wa Taifa ulipeleka jukwaani Red Dust Road, simulizi yake ya kumtafuta baba huyo.