Hoteli ya kifahari Singida: kipimo ni hesabu, si mapambo

Kampuni zinazotuma maofisa wao Singida kununua alizeti, vitunguu au asali hupima kwa makini bei ya gunia na gharama ya lori. Malazi huachiwa msafiri aamue mwenyewe, na hapo ndipo faida huvuja.

Chukua mfano. Ofisa analala siku 5 katika chumba cha Sh 150,000 badala ya cha Sh 70,000. Tofauti ni Sh 400,000. Kama faida ya kampuni ni Sh 50 kwa kilo ya alizeti, itabidi iuze tani 8 kufidia tofauti hiyo peke yake.

Hiyo haina maana kwamba chumba rahisi ndicho bora. Singida ni njia panda ya barabara ya Dodoma kwenda Mwanza na ile ya Babati na Arusha. Treni ya umeme iliyoanza mwaka 2024 humfikisha msafiri wa Dar es Salaam Dodoma, kisha hubaki kilomita zipatazo 240 za barabara. Anayefika jioni amechoka na asubuhi anatakiwa sokoni, akikosa usingizi, hununua vibaya.

Neno "kifahari" kwenye bango si daraja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina vigezo vya pamoja vya kupanga hoteli kwa nyota 1 hadi 5. Hoteli inayojitangaza kwa nyota iombwe cheti. Baada ya hapo mnunuzi akague yafuatayo:

Umeme: jenereta inaendesha vyumba vyote au taa za mapokezi tu?

Maji: mkoa ni mkavu na baadhi ya visima vina maji ya chumvi. Je, kuna matenki ya akiba?

Mawasiliano: intaneti inafika chumbani, au inaishia ukumbini?

Usalama: kuna uzio, mlinzi wa usiku na sefu? Mnunuzi huja na gari, sampuli na mara nyingine fedha taslimu.

Mandhari ya ziwa Singidani au Kindai yanapendeza, lakini yalipiwe pale tu mgeni anapokuja kujadili mkataba mkubwa.

Kabla ya kukubali bei, iulizwe kama ina kifungua kinywa na VAT ya asilimia 18. Kwenye chumba cha Sh 150,000 kodi hiyo ni Sh 27,000 zaidi kwa siku. Risiti ya mashine ya EFD idaiwe, kwani bila hiyo gharama inaweza kukataliwa wakati wa hesabu za kodi.

Msimu nao una bei yake. Alizeti ikianza kuvunwa, wanunuzi humiminika mjini na vyumba vizuri huwahiwa. Kampuni yenye safari za mara kwa mara inashauriwa kuafikiana bei ya mwaka mzima na hoteli moja, kwa maandishi, kabla ya mavuno.